Mashine Isiyo na Mdomo

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hufunga gati Unguja saa tatu na nusu, na kutoka bandarini hadi Mkunazini mtu mwenye miguu mizima hachukui robo saa. Riyama alishapiga hesabu zake: ikifika saa nne kasorobo, Bwana Haitham wa kampuni atakuwa mlangoni. Alishafagia duka mara mbili, na bisibisi zake akazipanga kwa urefu, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu afungue duka. Kitu kimoja tu hakujua akifanye nini. Ndani ya droo ya meza yake, chini ya kufuli, mlikuwa na sidii za gemu ishirini na tatu, nyingine zimekatika vipande, nyingine zimechubuka hadi hazitamaniki, na kila moja ilikuwa ushahidi wa uongo wake.

Tumjue kwanza mwenyewe, kabla mgeni hajafika. Riyama Usi ana miaka thelathini na minane, kazaliwa Kiembe Samaki, na tangu utotoni ana ugonjwa wa kufungua vitu. Alifungua saa ya baba yake, akapigwa. Alifungua redio, akapigwa zaidi. Alipofungua pasi ya jirani na kuirudisha ikiwaka, baba yake alisalimu amri akampeleka chuo cha ufundi. Huko wasichana walikuwa wawili, na mwenzake akaolewa kabla ya mwaka kwisha. Riyama naye aliolewa baadaye, akaachika, na sababu zake ni zake.

Duka la Mkunazini alilifungua kwa kutengeneza pasi na mashine za kusagia juisi. Wanaume walikuja na televisheni mabegani, wakachungulia ndani, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye akijibu, "Yupo, anakutazama." Wengine walicheka wakabaki. Wengi walicheka wakaondoka na televisheni zao. Miaka kumi na miwili alikula kwa pasi, na hakuna aliyemwita fundi ila mama yake, Bi Zuleikha, naye alimwita hivyo akiwa na la kumtuma.

Kisha kampuni ya Lumo ikaja kutafuta mtu Unguja. Lumo ni mashine ya kuchezea gemu, nyeupe, nyembamba, nzuri kuitazama, na bei yake ni nusu ya ile nyeusi ambayo mji mzima unaijua. Kampuni ilimpa Riyama fomu, muhuri, na kibao cha kupachika juu ya mlango: Kituo Rasmi cha Lumo, Unguja. Kuanzia siku ile wanaume walimwita Bi Fundi, wakangoja zamu zao kwenye benchi kimya kama wako kwa daktari. Msimcheke akikipenda kibao chake. Aliyengoja miaka kumi na miwili ana haki.

Sharti la kampuni lilikuwa moja, na halikumpendeza. Hakuruhusiwa kutengeneza. Mashine ikiletwa, aifungue, atazame, ajaze fomu. Ikiwa imekufa yenyewe au kwa hali ya hewa, mteja anapewa mpya. Ikiwa mteja mwenyewe ndiye aliyeiharibu, hapati kitu. "Basi wewe ni fundi wa kalamu," alisema Bi Zuleikha.

Shida yenyewe ilianza na mdomo. Ile mashine nyeusi ina mwanya mbele wa kutilia sidii, na Unguja nzima mwanya huo unaitwa mdomo. Lumo haina. Gemu zake zote hushushwa kwa mtandao, na gemu moja ya mpira inakula bando la mwezi kabla mchezaji hajapiga hata kona. Lakini Lumo ina ufa mwembamba ubavuni, wa kutolea joto, na upana wa ufa huo, kwa bahati mbaya ya mtu aliyeuchora huko alikouchora, ni upana wa sidii.

Wa kwanza alikuwa Bi Mardhiya, jirani yao wa zamani Kiembe Samaki. Mumewe yuko Maskati, ndiye aliyewaletea watoto Lumo kwa sikukuu. Bi Mardhiya aliingia dukani na mashine ndani ya kanga, akakaa, akalia kabla ya salamu.

"Nimeitia mwenyewe, mwanangu," alisema. "Watoto wanalia, wameazima sidii kwa wenzao, hawaoni pa kuitia. Mie nkaona tundu, nkajua ndo mdomo. Nkasukuma. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Baba yao atanambia nini?"

Riyama alifungua. Sidii ilikuwa imekwama kwenye feni, bodi imeungua. Alishika kalamu muda mrefu. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa kujaza: Sababu. Nje, ukuta wa nyumba ya mkabala ulikuwa ukitoka jasho la chumvi kama unavyotoka kila mwaka tangu ujengwe. Riyama akaandika: Unyevu. Akapiga muhuri. Bi Mardhiya akapata mashine mpya, na Riyama akapata sahani ya biskuti za kizanzibari na donge moyoni.

Angeishia hapo ingekuwa sadaka. Lakini Bi Mardhiya ana mdomo, tena mpana. Haikupita miezi mitatu, unyevu ukawa jina la ugonjwa. Watu walikuja dukani wakasema waziwazi:

"Bi Fundi, Lumo letu limepata unyevu."

"Unyevu wa nini?"

"Wa mpira."

Au unyevu wa magari. Au unyevu wa ndondi. Naye angefanya nini? Ukimwandikia mmoja, wa pili utamwambia nini? Aliandika, akapiga muhuri, na kila sidii aliyoitoa aliitia kwenye droo. Wenyewe hawakuziulizia, maana kuulizia sidii kulikuwa ni kujitaja.

Sasa Bwana Haitham alikuwa njiani, na barua yake ilisema anakuja "kwa jambo kubwa kuhusu ripoti zako." Riyama alikuwa na hakika ameshikwa.

Saa tatu na dakika arubaini mlango ulifunguliwa, akaruka. Hakuwa Haitham. Alikuwa Nahodha, mtu wa Mkokotoni mwenye kibanda cha kuchezesha gemu karibu na soko. Nahodha ni jina lake, si kazi yake. Huyu akipanda chombo kwenda Tumbatu, hapo tu ng'ambo, hutapika. Kwapani alikuwa amebana Lumo iliyofungwa kwa mkoba wa ukili.

"Bi Riyama, unyevu," alisema.

"Leo siyo siku yake, kaka Nahodha. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi? Nshatoka Mkokotoni tangu alfajiri. Kibanda kimefungwa wiki, vijana wanahamia kwa Ubwa mwenye nyeusi. Nkirudi mikono mitupu ndo basi tena, hawanirudii."

"Kuna mtu wa kampuni anakuja sasa hivi."

"Vyema! Anitilie sahihi huyo huyo."

Riyama alikuwa anatafuta neno la kumtoa pale aliposikia viatu vya mjini vikigonga mawe ya kichochoro. Alichukua mashine ya Nahodha, akaiweka juu ya benchi la kazi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaa. Usiseme kitu." Nahodha alikaa.

Haitham alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, shati limenyooka licha ya boti, na adabu hakukosa. "Shikamoo, Bi Riyama."

"Marahaba, baba. Karibu. Mmekujaje na bahari hii?"

"Salama, tunashukuru." Alikaa, akapokea kahawa, akaweka boksi kubwa mezani, sawasawa juu ya ile droo. Riyama alingoja hukumu.

"Nimetumwa kukushukuru," alisema Haitham.

"Kunishukuru?"

"Ripoti zako zimesomwa mpaka makao makuu. Unajua hali yetu. Ile nyeusi inatupiga kila mahali pwani hii, na mashine yetu ni nafuu kuliko yao. Wakubwa wakauliza, kwa nini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo zikaja fomu zako. Unyevu, unyevu, unyevu. Wahandisi walikaa miezi minane kwa ajili ya neno lako, mama." Akafungua boksi. "Hii inaitwa Lumo Bahari."

Ilikuwa nyeupe kama ile ya kwanza, ila nene kidogo. Ubavuni hapakuwa na ufa. Hapakuwa na ufa popote. "Tumeziba kila mahali," alisema Haitham kwa fahari. "Hata sisimizi hapiti."

Riyama aliitazama na akaona aibu kwa namna ambayo hakuitarajia. Kuogopa kushikwa alikuwa amekuzoea, lakini hili lilikuwa kubwa zaidi. Watu wazima wenye elimu zao, katika nchi asiyoijua, walikaa miezi minane wakipigana na chumvi kwa sababu yeye aliona haya kumwambia Bi Mardhiya hapana.

Haitham alitoa karatasi moja kutoka kwenye faili. "Unatia sahihi hapa tu. Kwamba wewe, fundi wetu, unathibitisha kilichotuangusha visiwani ni unyevu. Ikipita, mashine elfu mbili zinateremka bandarini kabla ya Ramadhani, na wewe unakuwa fundi mkuu wa Unguja na Pemba. Kibao kipya, cha taa."

Kalamu ilikuwa mbele yake. Riyama hakuichukua. Alimtazama Nahodha, maana Haitham, katika ukarimu wake, alikuwa amempa ile Lumo Bahari aishike, na Nahodha alikuwa akiigeuza. Aliitazama mbele. Akaitazama nyuma. Kidole gumba chake kikapita ukingo mmoja, kikapita wa pili, kikarudi ule wa kwanza taratibu, kikitafuta.

"Unatafuta nini, kaka?" Haitham aliuliza akitabasamu.

"Hapana, naitazama tu," alisema Nahodha, na kidole kikaendelea.

Hapo Riyama aliona mashine elfu mbili majumbani, na vidole elfu mbili vikipita ukingoni. Safari hii hapatakuwa hata na tundu la kukosea. Watanunua, watafika nyumbani na sidii ya kuazima mkononi, watageuza, watakaa kitako. Na karatasi itakayowatia humo itakuwa na sahihi yake.

"Inuka kidogo, baba," alimwambia Haitham. "Nipishe hapo kwenye droo."

Alifungua kufuli. Akatoa sidii kwa mikono miwili, akazimwaga mezani. Nyingine zilianguka chini zikabiringika hadi mlangoni.

"Huu ndo unyevu," alisema. "Ishirini na tatu. Kila niliyoifungua nilikuta hii ndani. Watu hawana mdomo wa kutilia, wanatia kwenye ufa wa joto. Mie nliwaonea huruma nkaandika unyevu. Nimesema uongo, na nyinyi mmeujengea mashine. Msilete hiyo. Haitonunuliwa. Watu wa hapa sidii moja wanaizungusha, leo kwa huyu, kesho kwa yule, toka Darajani mpaka Nungwi. Mashine isiyo na mdomo haiwezi kula na wenziwe. Rudini mkaweke mdomo."

Nahodha alishika kichwa. Haitham aliinama, akaokota sidii moja, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akaenda kuufunga mlango. Riyama alidhani sasa atapigiwa kelele.

"Tunajua," alisema Haitham.

"Mnajua nini?"

"Habari ya mdomo. Hizi fomu zako sikujua, lakini mdomo wanajua wote. Uliondolewa makusudi, mama." Alikaa tena, na kwa mara ya kwanza alionekana kachoka na boti. "Sidii moja ya mpira inaingia nyumba ngapi hapa?"

"Nane. Kumi."

"Basi zile tisa zinazoazima ndizo walizozitaka. Walisema tukiondoa mdomo, kila nyumba itanunua gemu yake."

"Wakanunua?"

"Wakanunua ile nyeusi." Alicheka bila furaha. "Sasa mimi nikipanda kwa wakubwa na sidii hizi, nawaambia walikosea. Aliyetoa wazo lile leo ndiye mkubwa wa wote. Atanisikiliza? Lakini unyevu haumlaumu mtu. Unyevu kaumba Mungu. Kila mtu anabaki na kazi yake." Akaisogeza karatasi. "Haya mengine sikuyaona. Tia sahihi, Bi Riyama. Na huyu kaka apate mashine yake mpya leo leo, nakwambia, namwachia hii hapa."

Nahodha, ambaye aliambiwa asiseme kitu, hakuweza tena. "Tia, Bi Riyama," alisema. "Nakuomba. Nna watu wa kulisha. Wakubwa wao wakigombana sisi yanatuhusu nini? Tia tu."

Na hapa ndipo Riyama alipotaka kulia, maana alimpenda Nahodha kuliko alivyoipenda kampuni, na kibao chake alikipenda kuliko wote wawili. Uongo ule ule aliousema kwa huruma sasa ulikuwa ukiombwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja mwenye faili na mmoja mwenye njaa, na wote walikuwa wakimtazama mkono. Alichukua kalamu. Nahodha akashusha pumzi.

Riyama aligeuza karatasi upande mtupu, akaandika kwa herufi kubwa ili asije mtu akasingizia mwandiko: Si unyevu. Nilidanganya. Watu wanataka mdomo. Akatia sahihi, akapiga muhuri, wa mwisho.

Haitham alisoma. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Riyama zaidi. Aliikunja karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati. Faili ilikuwa wazi mapajani mwake, na hakuitia humo. Riyama aliona, akaelewa kuwa maneno yake hayatafika kokote. Yatafika kwa dobi, labda.

"Unajua kibao nitaondoka nacho," alisema Haitham.

"Najua."

"Una bisibisi?"

"Zinakutazama. Lakini hutovuka kizingiti changu na bisibisi yangu. Nakitoa mwenyewe."

Alipanda kiti pale kichochoroni, watu wakapita wakitazama. Skrubu zilikuwa nne. Tatu zilitoka upesi, ya nne ilikuwa imeshikwa na kutu, na hiyo kweli ilikuwa ya unyevu. Alimkabidhi Haitham kibao, Haitham akashukuru, akachukua boksi lake na muhuri, akaaga kwa adabu ile ile aliyojia nayo.

Ndani, Nahodha alikuwa bado kwenye benchi, macho mekundu. "Umenimaliza," alisema. "Mchana kweupe, Riyama. Mashine nlikuwa nshaishika mkononi. Kwa karatasi ambayo hata hakuitia kwenye faili!"

"Niliona."

"Sasa umefanya nini?"

Machozi yalimshuka Riyama, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kisha alivuta ile Lumo ya Mkokotoni kwenye benchi, akachagua bisibisi na kuanza kuifungua, safari hii bila fomu pembeni. Nahodha alisogea akatazama. Feni ilikuwa imezuiwa isizunguke hata mara moja, kwa hivyo mashine ilichemka hadi bodi ikawa nyeusi katikati. Riyama aliigusa huku na kule kwa kipimo chake, akarudia. Alitaka sana iwe na uhai.

"Imekufa, kaka Nahodha. Kabisa. Hata ningekuwa na vipuri."

Nahodha hakuitazama bodi. "Na sidii?"

"Sidii?"

"Ilokuwemo. Imevunjika?"

Riyama alikuwa hajaifikiria. Aliishika kwa vidole viwili pembeni ya feni, akaivuta pole pole. Ilitoka nzima. Ilikuwa na mkwaruzo mmoja ukingoni, pasipodhuru. Nahodha alisimama wima, uso umebadilika.

"Alhamdulillahi! Nipe, nipe hiyo. Kwanza nlikuwa naogopa kuiulizia, nsijitie kitanzi. Si yangu hiyo, ya Gharib wa Tumbatu. Kaniazima siku mbili, leo ya nane. Ananipigia simu kila asubuhi, sipokei. Nikimaliza mie ni zamu ya Mcha, Nungwi, na Mcha naye ana watu nyuma yake wanangoja."

Riyama aliifuta sidii kwa kitambaa laini cha kufutia vioo, akaitia kwenye bahasha ya fomu, maana bahasha anazo nyingi na hana tena pa kuzipeleka. Nahodha aliiweka ndani ya kanzu, upande wa moyo, akatazama saa ukutani, akaona akienda mbio atawahi chombo cha mchana cha Tumbatu. Alitoka bila kuaga, akarudi, akasema, "Samahani kwa maneno yangu, Fundi," akatoka tena. Mashine aliiacha pale pale juu ya benchi, na hakusema atarudi kuichukua lini.